Utafiti wa Parkinson kwa saa ya mkono na simu: sisi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi tumo au hatumo?

FizioWaNakuru

Salamu wadau. Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Nakuru. Wazee wenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaopunguza mwendo, nawaona kila wiki, na siku hizi wanaletwa hata ambao si wazee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 8.5 duniani kote, na kwamba idadi imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25. Lakini uzi huu sikuuanzisha ili tuhesabu wagonjwa. Nataka tuongee juu ya kipimo.

Sukari unaipima kwa tone la damu. Presha unafunga mkono, mashine inasoma. Parkinson haina kitu kama hicho. Daktari anakwambia gonganisha kidole gumba na cha shahada, kunja ngumi na ukunjue, inuka kitini bila kushika, tembea mpaka ukutani urudi. Kila kitendo anakipa alama, 0 mpaka 4. Orodha hiyo inaitwa MDS-UPDRS, ilifanyiwa marekebisho 2008, na majaribio mengi ya dawa duniani yanaitegemea. Ni orodha nzuri, naitumia mwenyewe. Ila madaktari wawili wakimtazama mzee mmoja wanaweza kutofautiana, na mzee huyo anaonekana dakika chache tu, kisha anapotea miezi. Ugonjwa wenyewe unatambaa polepole. Ukitaka kujua kama dawa mpya inaupunguza kasi, inabidi uwafuate watu wengi kwa muda mrefu, na pesa zinateketea.

Sasa, ndani ya saa za kisasa na simu janja kuna kihisi mwendo, kile kile kinachozungusha skrini ukiilaza simu. Kinasoma makumi ya mara kwa kila sekunde. Mtetemeko wa Parkinson, mkono ukiwa umetulia mapajani, huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na kihisi kinaudaka. Kinadaka hata yale jicho linayapita: hatua zinavyofupika, mkono mmoja unavyoacha kupunga mtu akitembea, mtu anavyohitaji hatua nyingi kugeuka.

Mfano ulionitoa usingizi: Uingereza, kati ya 2013 na 2016, zaidi ya watu 100,000 wa mradi wa UK Biobank walivaa kihisi mkononi kwa siku 7. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff wakazipitia zile data kwa akili unde, wakaangalia nani aliugua. Mwaka 2023 wakachapisha kwenye Nature Medicine kwamba mwendo wa baadhi ya watu ulikuwa umeshapungua kasi hadi miaka 7 kabla daktari hajawaambia wana Parkinson. Hii ni kazi kubwa, kwa sababu dalili zinapoonekana kwa macho, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, kwenye ubongo zimeshakufa. Dawa ya kuzuia ikipatikana siku moja, itabidi iwafikie watu mapema, na mapema hiyo hatuijui bila vipimo vya namna hii.

Waliovaa vile vihisi wengi mno ni Wazungu wa Uingereza. Mwendo wa mama wa Subukia au Ahero haumo humo. Swali langu: tuingie, au tungoje watuletee mashine zilizokwisha fundishwa kwa miili ya wengine?

Jakadongo_Kondele

Omera, unaenda haraka sana. Huku mtu akianza kutetemeka, wa kwanza kuulizwa ni chang'aa, wa pili ni jirani mwenye macho mabaya. Daktari anakuja wa tano baada ya pasta. Leo unataka kumvalisha saa! Watasema ndiyo imeleta ugonjwa.

CO_Mamboleo

Mzee Jakadongo ana haki ya kucheka, lakini hilo ndilo linanifanya niunge mkono. Wilaya ya Hai kule Tanzania, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakatafuta watu wenye Parkinson, matokeo yakatoka 2008. Wengi waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba huo ni ugonjwa wenye jina na dawa. Hapo ni jirani zetu, maisha yetu ni yale yale.

Mimi ni clinical officer Kisumu, na niwape tahadhari mbili kabla Fizio hajatubeba wote.

Ya kwanza, si kila anayetetemeka ana Parkinson, na si kila mwenye Parkinson anatetemeka. Tunachotafuta kwanza ni uzito wa mwendo: kitendo kinaanza kikubwa, kinazidi kuwa kidogo na polepole. Ongeza ukakamavu wa misuli au mtetemeko wa mkono uliotulia, hapo ndipo tunaanza kuongea Parkinson. Kuna mtetemeko wa ukoo, ule wa mkono unaoshika kikombe, huo ni kitu kingine. Na kuna watu waliopewa haloperidol ya akili, au Plasil ya kutapika kwa muda mrefu, wakakakamaa wakaonekana kama wana Parkinson. Ukiwalisha wote hao kwenye kompyuta kwa jina moja, kompyuta itajifunza upuzi kwa bidii.

Ya pili, saa haimpi mtu ugonjwa wala haimwondolei. Mtu akiona saa imesema kitu, aje aonwe.

NyarUgenya

Naomba niongee kama mtoto wa mgonjwa. Baba ni mwalimu mstaafu, tuko Ugenya. Siku ya kliniki tunatoka nyumbani gizani, dawa anaimeza stejini na chai ya thermos. Tukiingia kwa daktari Kisumu imeshamfungua. Anatembea, anatania manesi, anauliza kama Gor imecheza. Daktari anaandika "anaendelea vizuri". Na si uongo, saa hiyo anaendelea vizuri.

Saa nane tuko stejini kurudi. Dawa imeisha nguvu. Mguu umeganda pale pale mlangoni mwa matatu, kana kwamba umepigwa misumari, na kondakta anagonga bodi, "mzee ingia, mzee ingia!" Baba anatoka jasho, macho yananitazama mimi. Hiyo saa nane hakuna daktari aliyewahi kuiona. Nimeieleza mara nyingi, kliniki moja wakaniambia nisiwe na haraka, umri ndio huo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna saa ya mkono inayoweza kuonyesha saa nane ya baba, sitauliza ni ya Mzungu au ya nani.

Jambo lingine, sijui kama lina maana. Kabla hatujajua ni ugonjwa, alianza kushindwa na PIN ya M-Pesa. Kidole kinakaa kwenye nambari moja mpaka inaingia mara mbili. Tulidhani ni macho, tukamnunulia miwani.

FizioWaNakuru

Dada, lina maana sana. Kuna watafiti walioanzia MIT Marekani, mradi wao unaitwa neuroQWERTY, walichapisha 2016. Walipima muda kidole kinavyokaa juu ya kitufe mtu anapoandika kwenye kompyuta. Hawakusoma alichoandika, walisoma muda tu wa kubonyeza na kuachia. Kwa wagonjwa wa Parkinson waliogundulika karibuni, ule muda ulikuwa ukipandashuka kuliko kwa watu wenye afya. Baba yako alikuwa anakuonyesha hicho hicho kwenye kabambe, simu yake ya vitufe.

Na ile saa nane ndiyo sababu ya uzi mzima. Watafiti wanaita hali ya kufunguka na kufunga. Vihisi vya kuvaa vinaweza kuchora siku nzima ya mgonjwa, dawa inapanda saa ngapi, inashuka saa ngapi. Marekani kuna programu ya saa ya Apple ya kufuatilia mtetemeko na ile miondoko ya kujinyonganyonga inayoletwa na levodopa, dawa kuu ya Parkinson; ilikubaliwa na mamlaka yao ya dawa 2022.

Fundi_Section58

Mimi ni mtu wa kuandika programu za kompyuta, sijui ubongo, lakini vihisi navijua. Wacha niwatoe kwenye ndoto kidogo.

Fizio anasema mtetemeko ni mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Sawa. Sasa mpandishe mzee huyo boda kutoka Free Area hadi Section 58, injini inanguruma, barabara ina mashimo, na mkono umeshika chuma. Kihisi kitajaa mitetemo ya kila aina. Mwache mama asonge ugali wa watu kumi, mwiko unazunguka kwa mdundo mmoja dakika nzima. Mwache apure maharagwe. Mwache amtikise mtoto alale. Programu iliyofundishwa kwa watu wanaokaa kwenye kochi wakitazama runinga itaona nini hapo? Siwezi kuapa itakosea, maana kuna njia za kuchuja, na kihisi mzunguko kikisaidiana na kihisi mwendo unapata picha bora. Lakini lazima mtu aifundishe. Mtu avae saa, na mwenzake aandike: saa tatu na robo alikuwa anasonga ugali, saa nne alikuwa kwa boda, saa tano alilala. Bila daftari hilo, data ni kelele tupu.

Tena kuna simu zenyewe. Nyingi za bei nafuu zinaua programu inayofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji. Unadhani umerekodi siku nzima, kumbe umerekodi mpaka saa mbili asubuhi. Na bundle nani analipa? Data ghafi ya kihisi kwa wiki si ujumbe wa WhatsApp, ni mzigo. Ningejenga mimi, saa ihifadhi kila kitu ndani yake, ipakuliwe mara moja ikirudishwa, pale penye wifi.

Wekesa_wa_Webuye

Mimi nina kabambe ya tochi. Kwa hiyo nimeshatolewa kwenye utafiti kabla sijaugua, asanteni sana.

Fundi_Section58

Mzee Wekesa usikate tamaa, kabambe ina maikrofoni. Parkinson inapunguza sauti, inakuwa ndogo na ya mtiririko mmoja. Mwaka 2012 Max Little, mwanahisabati Mwingereza, aliomba watu wapige simu ya kawaida tu, waseme "aaaa" kwa pumzi moja, na maelfu wakapiga. Uzuri wa "aaaa" ni kwamba haijali kama wewe ni Mbukusu au Mkipsigis.

Ila tuseme ukweli wote. Sauti zilizorekodiwa kwenye chumba kimya cha maabara zilikuwa zimetoa majibu mazuri ajabu. Zile za simu za kawaida zilipochambuliwa baadaye, usahihi ulishuka sana. Na hao hawakuwa wanapigia simu sokoni Chwele siku ya Jumatatu.

Jakadongo_Kondele

Sasa naanza kusikia kitu. Lakini niambieni, watu wanaendelea kweli kuvaa hivi vitu? Mimi mjukuu aliniwekea programu ya kuhesabu hatua. Ilikaa wiki.

FizioWaNakuru

Mzee, umegonga kidonda chenyewe. Machi 2015 kulizinduliwa utafiti unaoitwa mPower, wa shirika la Sage Bionetworks, kupitia iPhone, kwa watu wa Marekani. Mtu anasoma maelezo na kukubali kwenye simu yenyewe, kisha anapewa kazi ndogo: bonyeza kwa vidole viwili, sema "aaaa", tembea na simu mfukoni, jaribu kumbukumbu. Maelfu walijiunga, kitu ambacho hospitali moja haiwezi kukusanya hata kwa miaka. Kisha wengi wao wakaacha baada ya muda mfupi. Nadhani hawakuona faida yao.

Linganisha na Nijmegen, Uholanzi, mradi wa Profesa Bas Bloem na wenzake. Walichukua watu wachache kuliko hao, mia tano na kitu, wakawapa saa za kuvaa, lakini kukawa na mtu wa kuwajibu, na wagonjwa wenyewe wakashirikishwa tangu kupanga. Mimi nikiulizwa nichague, nachukua mia tano wenye mtu wa kuwapigia simu kuliko elfu kumi walioachiwa programu.

Na huku mtu huyo tunaye. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowakabidhi CHP 100,000, wale wahamasishaji wa afya ya jamii, vifaa vyao, kuna simu ya kazi mkononi mwa mama anayejua kila mlango kijijini. Yeye ndiye apeleke saa, aeleze kwa Dholuo au Lubukusu, aje aichukue, ampakulie. Na alipwe kwa kazi hiyo. Nasisitiza hapo, maana tunapenda sana kuwatwika CHP kila mradi halafu tunawapa fulana.

Wakili_Milimani

Nimesoma kimya mpaka hapa. Hakuna aliyetaja sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mwendo wa mtu wa siku 7 unaonyesha analala saa ngapi, anaamka kwenda choo mara ngapi, na ukiongeza mahali alipo, unajua analala wapi. Cardiff wanatuambia hata ugonjwa ambao mwenyewe hajaujua unaweza kusomeka humo. Ikimfikia kampuni ya bima, au mwajiri, nani atamtetea?

Msisahau Worldcoin, ule mradi wa sarafu ya kidijitali. Watu walipanga foleni KICC wakapigwa picha za mboni za macho wapate pesa kidogo, serikali ikasimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Foleni ile haikuwa ya wajinga. Ilikuwa ya watu ambao hawakuelezwa. Kwa hiyo kabla ya saa, nataka kuona: kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), karatasi ya ridhaa kwa lugha ya mama, data inakaa wapi, na mtu akisema basi, yake inafutwaje.

CO_Mamboleo

Wakili, watu wa Siaya na Kisumu karatasi za ridhaa wanazijua. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, iko Kisian miaka mingi, majaribio ya chanjo ya malaria yamepita hapa, watoto wetu walikuwemo. Mama wa Asembo atakuuliza maswali ya utafiti ambayo mtu wa Nairobi hajawahi kuyafikiria. Lakini hoja ya kufuta umeiweka vizuri, hasa kwa ugonjwa ambao baadaye unaweza kugusa akili. Ridhaa iulizwe tena na tena, na mtoto kama NyarUgenya awepo.

Wekesa_wa_Webuye

Mimi swali langu ni la kijijini. Mwendo wetu ukienda Ulaya, dawa ikirudi itauzwa bei gani? Hata hii iliyopo, levodopa, tangu miaka ya sitini wanaijua, na bado unaweza kuzunguka Bungoma nzima ukaambiwa "imeisha, jaribu Eldoret". Halafu kuna yule mukuna, mbegu ambazo mabwana shamba walitupa turutubishe udongo, ndugu wa upupu. Nasikia ni dawa ya huo ugonjwa. Kweli?

CO_Mamboleo

Mbegu zake zina levodopa kweli, na zimefanyiwa utafiti kwa wagonjwa. Lakini kwenye kikombe chako hujui ni kiasi gani, leo kidogo kesho nyingi, na ukichanganya na vidonge unaweza kuishia na presha chini, kutapika, hata kuona watu wasiokuwepo. Usimpe mzee bila daktari kujua. Turudi kwenye uzi.

FizioWaNakuru

Wekesa, la bei sina jibu la kukuridhisha, na nisingemwamini anayekupa jibu rahisi. Nakubali kabisa kwamba utafiti unaompa mtu saa huku hana vidonge una kasoro ya kiutu. Pia una kasoro ya kisayansi: utapimaje dawa inavyopanda na kushuka kwa mtu anayeimeza wiki mbili na kukosa mwezi? Mimi ningeandika kwenye mkataba kwamba washiriki wanapewa levodopa na karbidopa, mwenza wake kwenye kidonge, muda wote wa utafiti, na kaunti ieleze mapema itaendeleaje ukiisha.

Lakini kujitenga nako kuna gharama. Agosti 2023 kwenye The Lancet Neurology, watafiti wakiwemo Wanigeria wa Lagos walionyesha badiliko kwenye jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa Wazungu karibu halionekani, ndiyo maana miaka yote ya utafiti wa Ulaya haikuliona. Lilionekana kwa sababu hatimaye kuna aliyetazama huku. Kwenye mwendo, sauti na usingizi hatujatazamwa vya kutosha, na sisi wenyewe hatujajitazama.

NyarUgenya

Umesema usingizi. Baba alikuwa anapiga mateke usiku na kufokea watu ndotoni miaka mingi kabla ya kuganda. Mama alihamia chumba cha wajukuu. Hilo nalo linapimika?

FizioWaNakuru

Linapimika, na ni moja ya dalili za mapema zinazoaminika zaidi, ingawa si kila apigaye mateke ataugua. Kuna hata kikundi cha Dina Katabi, MIT, walichapisha 2022 kuhusu kifaa kinachowekwa ukutani kama kisanduku cha wifi. Kinarusha mawimbi ya redio na kusoma pumzi ya aliyelala, bila kumgusa, na akili unde ikatenganisha wenye Parkinson na wasio nayo kwa usahihi mzuri. Mzee anaweza kusahau saa mezani, lakini kulala halali kwingine. Kwetu ningetaka kijaribiwe kwanza kwenye nyumba ya mabati yenye watu wanne chumba kimoja.

Fundi_Section58

Na stima ikipotea usiku kucha.

NyarUgenya

Sasa niambie la kufanya leo, si la 2030. Sina saa ya maana, nina simu yangu ya kawaida. Kliniki ni wiki ijayo.

FizioWaNakuru

Chukua daftari, andika saa anayomeza dawa, saa inayomfungua, saa inayomwacha, na anachokula nayo, maana nyama na maharagwe yakiingia pamoja na levodopa yanaweza kuichelewesha. Halafu simu yako: mrekodi video fupi akiwa amefunguka na nyingine akiwa amefunga, kwa ruhusa yake. Kila video iwe na vitendo vile vile: kidole gumba na cha shahada mkono wa kulia kisha wa kushoto, ainuke kitini, atembee mpaka mlangoni, ageuke arudi. Miguu ionekane. Usimsaidie wala usimhimize, isipokuwa anataka kuanguka. Mwonyeshe daktari video ya saa nane kabla hajasema anaendelea vizuri.

CO_Mamboleo

Naongezea: taja saa ya dawa kwa sauti mwanzoni mwa video. Na usibadilishe dozi mwenyewe kwa sababu ya ulichokiona.

NyarUgenya

Upande wa kushoto ndio ulianza. Nikipata saa siku moja, avae mkono upi?

FizioWaNakuru

Huo huo wa kushoto, kwa sababu Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja na upande huo huendelea kutangulia. Ukipata mbili, avae zote.